Majirani wa Mbazi

Verna Lund alifariki mwezi uliopita, na kwenye mazishi yake nilikula jeli ya kijani yenye karoti zilizokunwa ndani, chakula ambacho sikuwa nimekigusa tangu nikiwa mke kijana wa miaka ishirini na kidogo. Mjukuu wangu Tumaini ndiye aliyenipeleka. Tulitoka asubuhi hapa Fridley, Amerika, ambako nimerudi uzeeni kukaa na binti yangu, magorofa yakaisha, maduka yakaisha, maegesho ya magari yakaisha, kisha yakabaki mahindi na soya huku na huku, na barabara iliyonyooka kama imepigwa rula. Tumaini anasikia Kiswahili chote, ila kujibu anajibu kwa Kiingereza. Kuhusu Verna alijua tu kwamba ni rafiki yangu wa simu za Jumapili, basi. Akaniuliza, bibi, huyu mama wa Kizungu ulimjulia wapi? Nikamwambia, "Nilipofiwa, yeye ndiye aliyekuja kulala chumbani kwangu." Akaendesha kidogo, akaniuliza, ulifiwa na nani? Hapo ndipo nilipoona kwamba mjukuu wangu hajui kama mama yake, Upendo, alikuwa na kaka. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo atakayesoma hapa akute herufi zimepinda anisamehe. Lakini majina sijasahau hata moja, na mwaka ule naujua kama ninavyoujua mkono wangu.

Tulikuja Amerika mwezi wa nane, mimi na mume wangu Eliamini, aliyepata nafasi ya kusoma kilimo kule Saint Paul. Chumba alichopewa na chuo kilikuwa cha mtu mmoja, na mimi nilikuwa na mimba changa. Mchungaji mmoja akasema ana watu shambani, mke na mume, nyumba kubwa, watanipokea mpaka Eliamini apate pa kukaa na familia. Watu hao walikuwa Verna na Arvid Lund. Eliamini angekuja na basi kila Jumamosi. Nakumbuka Verna alivyonipokea mlangoni kwa aproni yenye unga, hakunikumbatia, hakupiga vigelegele, alisema tu, "Haya, ingia, kuna kahawa." Nikadhani hanitaki. Ilinichukua muda kujua kwamba kwa watu wale hayo ndiyo makaribisho, na hakuna makubwa zaidi ya hayo. Jikoni kwake kulikuwa na meza ndefu ya mbao, dirisha lililotazama zizi, na redio iliyosema bei ya nguruwe. Siku ya pili nikafungua kabati kutafuta chumvi, nikakuta kopo la iliki. Iliki! Nikaifungua nikanusa nikalia. Verna akaja mbio akidhani nimejikata. "Hiyo ni ya mkate wetu wa Krismasi," akasema, "walikuja nayo bibi zetu kutoka Norway." "Hii ni ya kwetu," nikamwambia, "inaota milimani kwa Wasambaa, jirani zetu." Tukabishana kwa Kiingereza changu cha maneno machache mpaka maziwa yakachemka yakamwagika jikoni, na kuanzia siku ile tukawa marafiki.

Kata ile inaitwa Haugdal. Wenyewe wanasema township, mimi nasema kata, maana ndivyo ilivyo: kipande cha nchi chenye mwenyekiti wake, barabara zake, makaburi yake na ubishi wake. Ni mraba. Maili sita huku, maili sita kule, na kila maili ina barabara, kwa hiyo ndani yake kuna miraba midogo thelathini na sita, na kila mmoja una namba. Mtu akikuuliza unakaa wapi, humwambii ni chini ya mlima au ng'ambo ya kijito, unamtajia namba. Sisi tulikuwa kumi na nne. Mimi nimezaliwa Usangi, Upareni, ambako njia inazunguka jiwe, inazunguka migomba, inazunguka hata shamba la mtu mkorofi. Pale barabara haikuzunguka kitu chochote, isipokuwa mahali pamoja tu, kwenye dimbwi la matete ambalo Arvid alisema liliwashinda babu zake. Alikuwa mtu wa maneno machache, Arvid, lakini ukimgusa habari za ardhi alifunguka. Aliniambia kwamba wazee wao walipofika nchi ile yote ilikuwa maji na matete na bata, na watu waliokuwa wakiishi hapo kabla yao, Wadakota, walikuwa wameondolewa kwa nguvu, na hilo alilisema polepole akitazama sahani yake. Wazee wakachimba mitaro, wakazika mabomba ya udongo wa kuchoma chini ya kila shamba, maji yakakimbilia mtoni, ndipo wakapata kulima. "Chini ya mahindi haya kuna mabomba mengi kuliko mishipa yangu," alisema.

Nami nikamweleza ndiva zetu, yale mabwawa ya udongo tunayojenga kwenye vijito. Jioni tunaziba, maji yanajaa usiku, asubuhi mwenye zamu anazibua yaende shambani kwake, na ukizibua siku isiyo yako utaitwa kwa wazee ukajieleze. Arvid akaweka uma chini. "Unasema mnayazuia maji? Kwa makusudi?" Nikamjibu, "Na nyinyi mnayafukuza? Kwa makusudi?" Verna alicheka mpaka akajifuta macho na aproni. Tangu hapo kila mvua iliponyesha Arvid alikuwa akinitazama na kusema, "Nam, haya, andika barua kwenu waje wachukue maji yao." Nam ndilo jina waliloniita. Namkunda lilikuwa refu kwao.

Nikitazama nyuma naona ule ulikuwa mwaka wa kujifunza kusoma watu wasiosema. Kwetu mtu akikupenda anakuambia, akikuchukia anakuambia, na ujirani mzima unasikia. Pale Haugdal mtu akikupenda anakuja kukuonyesha tairi lako lina upepo mdogo. Hata mashamba hawakuyaita kwa majina ya walio hai. Nyumba ya Verna na Arvid, ambayo Arvid amezaliwa humo, watu waliiita kwa Amundson, mtu aliyeiuza zamani kwa babu yake Arvid na kwenda zake magharibi. "Sasa lini itaitwa kwa Lund?" nikamuuliza Verna. "Tukishaondoka," akasema, akaendelea kumenya viazi.

Mtoto alikuja mwezi wa kwanza, kabla ya wakati wake, siku ambayo theluji ilikuwa imefunga barabara zote. Upepo ulivuma ukitokea magharibi, hakuna cha kuuzuia, na kutoka dirishani zizi halikuonekana. Simu ilikuwa inafanya kazi. Daktari mjini akasema hawezi kutoka, mtambo wa kuondoa theluji wenyewe umekwama. Ndipo Verna akampigia Gladys Hoff wa mraba wa kumi na tano, na Gladys akaja juu ya trekta la mumewe Selmer, amejifunga mablanketi mpaka puani. Alikuwa mama mnene, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, kwa sababu Selmer alikuwa kiziwi na alizoea kumpigia kelele. Akanawa mikono akasema, "Nam, nimezalisha ng'ombe maisha yangu yote. Wewe huna tofauti kubwa, ila tafadhali usinipige teke." Nikacheka katikati ya uchungu. Alizaliwa wa kiume, mdogo, mweupe kama watoto wetu wanavyozaliwa kabla hawajaiva rangi, na Gladys akamshika akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Karibu Haugdal, bwana mdogo." Tulimpa jina la baba mkwe wangu, Mbazi, kama desturi inavyotaka kwa mtoto wa kwanza wa kiume.

Mapafu yake hayakuwa yamekomaa. Verna aliweka sanduku la viatu lenye pamba karibu na jiko, tukampasha joto kama kifaranga. Barabara ilipofunguliwa daktari alikuja, Eliamini alikuja, na wote wawili walisimama pale jikoni wakamtazama. Mtoto hakufika Jumapili. Sitaandika zaidi juu ya siku ile. Alifia mkononi mwangu, na mkono wa Verna ulikuwa begani kwangu, na redio haikuwashwa.

Sasa kuna jambo ambalo sikulijua. Ardhi ya kule wakati wa baridi inakuwa chuma. Haichimbiki. Leo wana mashine za kupasua hata barafu, lakini wakati ule kata ya Haugdal ilikuwa bado na kijumba cha mawe kimechimbiwa ubavuni mwa kilima cha makaburi, na waliokufa wakati wa baridi waliwekwa humo wasubiri ardhi ilegee. Funguo alikuwa nazo LeRoy Brandt, mtunza makaburi, mtu mrefu wa shingo nyekundu na kofia ya kampuni ya mbegu. Alimpokea mwanangu kwenye kijisanduku alichotengeneza Arvid, akavua kofia, akafunga mlango. Kwetu mtu anazikwa siku hiyo hiyo au kesho yake. Kumwacha mwanangu nyuma ya mlango uliofungwa, hajazikwa na hayupo, sikujua hata nilie namna gani. Na kabla hatujaondoka LeRoy akamwambia Arvid, akidhani mimi sisikii, "Kijumba ni cha yeyote. Lakini ardhi, Arvid, unajua kanuni." Nikamuuliza Verna garini ni kanuni gani. Akasitasita, akasema, "Wanaozikwa hapa ni wenye shamba ndani ya kata, na ndugu zao. Itabidi iamuliwe kwenye mkutano wa mwezi wa tatu."

Jioni ile majirani wakaja. Mmoja mmoja walibisha hodi mlango wa jikoni, wakaweka bakuli juu ya meza, tambi zilizookwa na nyama ya kusaga na supu ya uyoga ya kopo, viazi, ile jeli ya kijani, wakasema pole kwa neno moja, wakatazama viatu vyao, wakaondoka. Wote. Nikakaa kitini nikisubiri watakaobaki. Kwetu msiba unalala watu, wanajaa mpaka uani, wanapika, wanaimba, wanakuzuia usiwe peke yako hata kwenda chooni. Meza ilijaa mabakuli na nyumba ilikuwa kimya. Nikamwambia Verna, "Wananichukia." Akashtuka. "Nani? Nam, wamekuletea chakula." "Wameweka wakakimbia." "Wameondoka ili upumzike!" "Kwetu tukitaka mtu apumzike tunalala kwake," nikasema, ndipo kilio kikanitoka chote. Verna alisimama pale na taulo la vyombo mkononi. Akapanda ngazi, nikasikia anafungua kabati, akashuka na mto wake na blanketi lake, akaingia nalo chumbani kwangu akalitandika chini, karibu na kitanda. Arvid akabaki peke yake kule juu mpaka msiba ulipoisha. Alikuwa mama wa miaka hamsini mwenye magoti mabovu. Hilo ndilo nililomwambia Tumaini garini.

Chakula kilipoisha, mabakuli yakanipa kazi. Chini ya kila bakuli kulikuwa na kipande cha soltepu kilichoandikwa jina la mwenyewe, ili lirudi kwao. Nikayageuza moja moja nikasoma herufi kwa herufi, Verna akinisahihisha, na hivyo ndivyo nilivyojifunza kusoma Kiingereza. Kisha nikakanda unga, nikapiga iliki, nikakaanga maandazi, nikajaza kila bakuli. "Unafanya nini?" Verna akauliza. "Nawarudishia." "Yakiwa yamejaa?" "Mimi nimelelewa kwamba bakuli la jirani likirudi tupu, umemtukana." Akafikiri, akachukua funguo za pikapu. Tukazunguka kata nzima, mraba kwa mraba, theluji imelundikwa pembeni kama kuta, na kila jikoni tulipoingia nikasimuliwa: hapa palikuwa na shule, pale gari moshi lilitakiwa lipite likapelekwa kwingine ndiyo maana hatuna mji, dimbwi lile lilizamisha farasi wawili wa mzee Hoff na jembe lao. Watu waliuma andazi wakalitazama. "Hii ni Krismasi," wakasema, "umeijulia wapi?" Wiki iliyofuata bakuli la Gladys likarudi, limejaa mchuzi wa maharage. Nikalirudisha limejaa chapati. Gladys akaja mwenyewe akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Nam, ukinirudishia limejaa na mimi nalazimika kulirudisha limejaa. Hivi tutabebeana mpaka tufe?" "Ndiyo maana yake," nikamwambia. Akaingia akakaa, akakaa mpaka giza likaingia. Yeye ndiye jirani wa kwanza kunikalia matanga, ingawa hakujua kwamba jambo hilo lina jina.

Eliamini alitaka tumzike mjini. Hakuwa na moyo mgumu, maskini, alikuwa na huzuni na mitihani. Jumamosi moja tulikaa kwenye ngazi za ndani tukazungumza Kipare, wasitusikie. "Mjini kuna utaratibu," akasema. "Pana kaburi tayari, lina namba, hatumwombi mtu." "Huko nani anamjua?" "Na huku nani anamjua, Namkunda?" "Gladys anamjua, ndiye wa kwanza kumshika. Verna anamjua. Arvid amempigilia sanduku." "Wana kanuni yao. Wakikataa mbele ya watu utaumia mara mbili." "Basi niumie. Mjukuu wa Mzee Mbazi halali kwa watu wasiomjua. Utamwambia nini baba yako? Kwamba ana namba?" Eliamini akaficha uso wake. Alikuwa anamwogopa baba yake kuliko maprofesa wote wa Saint Paul, nami pia.

Mkutano wa kata unafanywa mwezi wa tatu, kwenye jengo la mbao ambalo zamani lilikuwa darasa. Mwezi uliopita tulipita hapo na Tumaini, bado lipo, limepakwa rangi nyeupe, ingawa nyumba nyingi za jirani zimebomolewa na mashamba yameunganishwa, na mapangaboi makubwa ya kuzalisha umeme kwa upepo yanazunguka pale palipokuwa na zizi la Hoff. Siku ile lilikuwa limejaa, jiko la kuni linaunguruma, birika kubwa la kahawa na donati mezani. Sikuwa na kura, nilikaa nyuma na Verna na Eliamini. Wakazungumza changarawe ya barabara. Wakazungumza magugu. Kisha mwenyekiti akasema, makaburi, na LeRoy Brandt akasimama, kofia mkononi.

"Sina neno na watu hawa," akasema. "Mke wangu ana mapishi ya yale maandazi mlangoni mwa friji. Lakini kanuni waliiweka babu zetu. Ardhi ni ndogo. Tukimfungulia mmoja, kesho mji mzima utatuletea wa kwao."

Arvid akasimama. Uso ulikuwa mwekundu, maana hakuwa mtu wa kusema mbele za watu. "Mtoto ni wa nyumbani kwangu," akasema, akakaa.

"Si ndugu yako, Arvid," LeRoy akasema, si kwa ubaya. Nikasikia kuni zikipasuka. Eliamini akanishika mkono.

"Wanasemaje?" Selmer Hoff akauliza kwa sauti ya kiziwi.

"Wanasema mtoto si wa hapa!" Gladys akampigia kelele sikioni, ukumbi mzima ukasikia.

"Mtoto yupi?"

"Wa Nam!"

"Yule uliyemzalisha wewe kwa Amundson? Siku ya dhoruba?"

"Huyo huyo!"

Selmer akainuka, akishika kiti cha mbele yake. "LeRoy. Watoto wako wamezaliwa wapi?"

"Hospitali ya mjini, Selmer, unajua."

"Wangu pia mjini. Wa Arvid mjini. Kuna mtu humu ana mtoto aliyezaliwa ndani ya kata hii?" Watu wakatazamana. Hakuna aliyeinua mkono. "Mimi namkumbuka mtoto wa mwisho kuzaliwa humu. Nilikuwa kijana. Nilitumwa kumfuata mkunga, farasi wake akakwama kwenye tope la mraba wa tisa, nikambeba yule mama mgongoni. Mtoto mwenyewe alikuwa wewe, LeRoy. Mbaya kama panya." Watu wakacheka, na LeRoy pia akacheka kidogo. Selmer hakucheka. "Baada yako wewe hakuna mwingine, mpaka huyu. Kama yeye si wa hapa, mimi sijui wa hapa ni nani."

Huenda Selmer alikosea hesabu, lakini hakuna aliyembishia. LeRoy aliizungusha kofia yake mikononi kwa muda mrefu. "Hilo sikuliwaza," akasema. Akamgeukia mwenyekiti, akatoa hoja yeye mwenyewe kwamba mtu aliyezaliwa ndani ya kata anazikwa ndani ya kata. Gladys akaiunga mkono kabla hajamaliza. Mwenyekiti akauliza wanaokubali, wakasema ndiyo kwa sauti moja nene, akauliza wanaokataa, ikawa kimya. Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyenigeukia. Wakahamia kwenye kalavati ya mraba wa tisa, wakabishana juu ya kalavati ile mpaka kahawa ikaisha. Nilikuwa nalia na Verna alinipa donati.

Ardhi ililegea mwezi wa tano. LeRoy alikataa mashine, akachimba kwa koleo. Mimi nilikuwa nimechagua mahali karibu na lango, penye mti mzuri. "Hapana," akasema, "pale maji yanakaa wakati wa kuyeyuka. Njoo huku juu." Akanipeleka akanionyesha, na akaniambia nani amelala hapa na nani amelala pale, kila mtu na habari zake, kwa upole kama mtu anayekuingiza sebuleni kwake. Mchungaji akaomba. Gladys akaimba na kuharibu sauti za wote. Kisha, kama desturi yao, watu wakaanza kurudi kwenye magari, kwa sababu kwao kufukia ni kazi ya mtunza makaburi baadaye, wafiwa wakishaondoka. Mimi na Eliamini hatukuondoka. Kwetu huwezi kumgeuzia mtu wako mgongo shimo likiwa wazi. Eliamini akachukua koleo, mimi nikapiga magoti nikasukuma udongo kwa mikono, tukiimba wimbo wa kwetu. Nikasikia milango ya magari inafungwa, nikadhani wameondoka. Nilipoinua macho Arvid alikuwa ameshika koleo la pili, na Verna alikuwa amepiga magoti na yale magoti yake mabovu, na wengine wanarudi kupitia nyasi mmoja baada ya mwingine na viatu vyao vya kanisani. Mwezi uliopita, kwenye kaburi la Verna, mashine ilikuwa inasubiri nyuma ya miti na watu walianza kuondoka vilevile. Nikamwambia Tumaini, "Mimi siendi." Yule mtoto, na kucha zake ndefu za rangi, akaenda akaomba koleo kwa yule mwendesha mashine. Karen, binti wa Verna, ambaye mwaka ule alikuwa msichana wa shule, akarudi pia.

Tuliondoka Amerika Eliamini alipomaliza. Safari ndefu ile nilikuwa na hofu moja tu, nayo ilikuwa Usangi. Habari za kifo zilikuwa zimefika kwa barua, na watu walikuwa wamesema mengi, kwamba tumemtupa mtoto kwenye barafu ya Wazungu, kwamba amezikwa porini. Mzee Mbazi hakuugusia msiba siku tuliyofika. Alisalimia, akaingia ndani. Mama mkwe alinong'ona kwamba tangu asubuhi hajala. Kesho yake akaniita. Alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya jiko anachambua mbegu za maharage, nami nikakaa chini pembeni, sikumtazama usoni, kama inavyompasa mke wa mtoto wake.

"Amezikwa na watu?" akauliza.

"Ndiyo, baba. Walifukia wenyewe."

"Mahali pakoje?"

"Ni juu kidogo, baba. Maji hayakai."

Akachambua maharage. Nikajua swali lenyewe halijafika.

"Majirani zake ni nani?"

Nikamwambia. Kushoto kwake yuko Ingeborg Hoff, mama yake Selmer, aliyekuwa akitoa maziwa kwa kila nyumba yenye mtoto ng'ombe wao wakikauka. Miguuni yuko mwalimu Clara Stenberg, hakuolewa, alifundisha watoto wa kata nzima mpaka macho yakamshinda. Kichwani yuko Torvald Amundson, kapera, aliyebaki ndugu yake alipokwenda magharibi, mpiga kinanda cha mkono, watu walimsikia mpaka mraba wa ishirini. Na kulia kwake, wamekaribiana kabisa, wako Emil na Otto Brandt, watoto wawili wa tumbo moja, waliokufa na ugonjwa wa koo juma moja. Ni baba wadogo wa LeRoy, yule mtu aliyekuwa amekataa. Ndiye aliyemweka hapo.

Mzee alikuwa ameacha kuchambua. "Hao wawili walikuwa wakubwa?"

"Wa kuchunga mbuzi, baba."

"Na mama yao yuko karibu?"

"Yuko nyuma yao. Anaitwa Bertha."

Kisha akayakusanya maharage mazuri, akayamimina kwenye kibuyu, akapangusa mikono, na akaniita kwa jina ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameniita bado. "Mama Mbazi," akasema, "inuka, vumbi hilo." Akageukia jikoni akapaza sauti kwa mkewe, "Mama Eliamini! Pakua chakula, tule. Mtoto yuko kwa watu."